Nungunungu Aliyeongeza Nafasi Kwenye Treni

Alikuwepo Nungunungu mmoja, digrii ya usafiri wa reli anayo, kazi hana, maana kila intavyuu aliulizwa uzoefu. Asubuhi moja, akiwahi intavyuu nyingine, alijibana mlangoni mwa treni ya mjini iliyojaa pomoni, akaanza kumfokea Ngiri, mkuu wa stesheni.

"Mzee, problem si mabehewa. Ng'oa viti, kisha shusha kila anayekula nafasi ya wenzake. Simple."

Ngiri akakubali. Viti vikang'olewa, abiria wakakaguliwa mmoja mmoja.

"Msomi, shuka," akasema Ngiri. "Hiyo miiba yako inakula nafasi ya sungura sita."

Sungura sita wakapanda, treni ikaondoka, wakimpungia mikono. Intavyuu ikampita Nungunungu, ila uzoefu wa kazi, at last, akawa ameupata.