Uzito wa Mwalimu

Kengele ikalia tena. Watu waliosongamana ndani ya lifti wakageuza shingo kumtazama aliyeingia wa mwisho, mwanamke mwembamba ambaye hata upepo wa feni ungeweza kumsogeza.

"Naona nimezidi," akasema, akatoka bila kinyongo.

Kengele ikanyamaza. Ilikuwa na kiburi kengele ile: ikishalia, hainyamazi mpaka mtu ashuke. Nahodha, maana ndivyo jengo zima lilivyomwita mwendesha lifti, akafunga mlango huku akiona aibu kwa niaba ya yule mwanamke. Pembeni, wakili wa ghorofa ya saba, tumbo limemtangulia, alikuwa akisoma gazeti kwa raha zake. Huyo kengele haikuwahi kumlilia hata siku moja.

Mwanamke yule alifundisha fizikia kwenye chuo kilichopanga ghorofa ya juu kabisa. Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Lifti ikikaribia kujaa, Mwalimu anafika, anaingia, anageuka kutazama mlango, visigino vya viatu vyake vinagonga sakafu mara moja, ko, na kengele inapiga yowe. Anashuka. Nahodha anawapandisha wengine, kisha anarudi chini kumchukua yeye peke yake.

Kusema kweli, Nahodha aliipenda safari hiyo ya pili kuliko chai ya asubuhi. Dada yake mkubwa, aliyeishi naye, alishaanza kumuuliza tangu lini vitufe vya lifti vikataka shati lililopigwa pasi mara mbili.

Njiani Mwalimu alimfundisha. Alimwambia kwamba kilo zake ni zake popote aendapo, ila uzito ni ugomvi kati yake na sakafu. Lifti ikianza kupanda, sakafu inamsukuma zaidi, basi anakuwa mzito kidogo. Ikianza kushuka, anakuwa mwepesi. Nahodha alikuwa ameendesha lifti miaka yote hiyo, na magoti yake yalikuwa yakilijua jambo hilo, ila hakuna aliyewahi kumpa jina lake. Sasa akawa anayasikiliza.

"Kwa hiyo hii mizani iliyo chini yetu inapima nini?" aliuliza siku moja.

"Haijui kilo hata moja," Mwalimu akajibu. "Inajua inavyokandamizwa tu. Inapima nyutoni, Nahodha. Wewe unaiamini mno."

Nahodha akacheka. Hakuwa ameelewa sawasawa, alicheka kwa sababu aliyesema ni yeye.

Mambo yakaharibika pale wapangaji walipochoshwa na kelele. Meneja wa jengo, mtu asiyejua kutabasamu, alimwita Nahodha ofisini akamwambia kwamba anashindilia watu kama magunia. Ijumaa fundi angekuja kuipima lifti. Ikikutwa na ubovu, itatengenezwa. Ikikutwa nzima, basi mbovu ni mwendeshaji, na vitufe watu watajibonyezea wenyewe. Nahodha akauona unga wake unamwagika mchana kweupe.

Alimweleza Mwalimu. Mwalimu akainamia visigino vya viatu vyake, akavitazama mpaka ghorofa ya juu.

Ijumaa fundi alipakia viroba vya mchanga, akavitoa, akavipakia tena, akakaza skrubu moja ambayo haikuwa imelegea, akatikisa kichwa. Lifti ilikuwa nzima. Meneja akamgeukia Nahodha.

"Na kengele isipolia leo, anabaki?" Mwalimu akauliza kutoka nyuma yao.

"Isipolia, anabaki," meneja akasema. "Lakini italia."

Watu wa kila siku wakaingia, wakili na tumbo lake mbele. Meneja akasimama nje ya mlango, mikono kifuani. Mwalimu aliingia wa mwisho, siku hiyo amevaa raba. Alitanguliza vidole, akashusha mguu taratibu kama anayepita chumba alimolala mtoto. Nahodha akafumba macho.

Kimya.

Meneja akamtaka atoke aingie tena. Kimya. Fundi akaimwagia sifa skrubu yake, na meneja akaondoka bila kuaga. Nahodha alishukuru mpaka machozi yakamlenga. Jioni alimnyanyua dada yake juu juu sebuleni, naye dada mtu akamuuliza kama amerogwa.

Furaha hiyo haikuivuka Jumatatu. Lifti ilijaa, Mwalimu akaingia na raba zake, kengele haikulia, wote wakapanda pamoja. Jumanne vivyo hivyo. Wakili alikuwa akikohoa, mtu mwingine akifoka kwenye simu, na pale katikati hapakuwa na nafasi ya neno zaidi ya habari za asubuhi. Kazi alikuwa nayo, lakini Nahodha alijihisi kama mfiwa. Alikuwa akimkosa mtu aliyesimama ubavuni pake.

Jumatano alikuja na akili mpya. Alikuwa amelitafuna lile neno la mizani mpaka likalainika. Mwalimu alipoingia na lifti ikajaa, Nahodha alijifanya anaangalia namba zilizo juu ya mlango, akainuka kwa vidole vya miguu, akajiachia. Ko, ko. Lifti ikatikisika kidogo. Kengele haikusema kitu. Wakili akashusha gazeti akamkodolea macho, na Nahodha akawa hajui auweke wapi uso wake.

Mwalimu hakumtazama. Aliinamisha kichwa kidogo upande wake, akanong'ona:

"Visigino vyote viwili kwa pamoja, Nahodha. Kimoja kimoja hakitoshi. Mimi mwenyewe ilinichukua wiki nzima."