Asiwe wa Mwisho

Mama mmoja mwenye mvi alitupa kisahani chake kwa mkono wa kulia, kikapaa kama mwewe na kutua hatua chache kutoka kwenye kikapu. Kisha akatoa kingine mfukoni, chepesi, cha rangi ya machungwa, akakihamishia mkono wa kushoto. Hicho kiliyumba, kikagonga mti ulioanguka, kikalala matopeni.

"Hicho cha mume wangu," alimwambia fundi seremala aliyepangwa kucheza naye. "Namtupia kwa kushoto. Nikitumia kulia nitakuwa nawaibia watu."

Seremala alimtazama mwamuzi. Mwamuzi akamvuta kando na kumnong'oneza kwamba jina la marehemu lilikuwa limeandikishwa kabla ya tufani, na kamati iliona haya kulifuta. Tufani iliyong'oa nusu ya miti ya uwanja huu ndiyo iliyomchukua. Seremala alikuwa amefika asubuhi ile kutoka wilaya nyingine. Hakuwa na habari. Akavua kofia, akampa mama pole.

Mashindano yalikuwa ya mkoa mzima, wazi kwa yeyote mwenye mkono wa kutupa. Mchezo wenyewe hauna makuu: unatupa kisahani mpaka kiingie kwenye kikapu chenye minyororo, na mwenye mitupo michache ndiye bingwa. Lakini sasa magogo yalijilaza njiani kama walevi, kijito kilikuwa kimevimba na kumeza majani ya kingo zote mbili, na vikapu vingine vilisimama shingo upande.

Seremala aliuanza mchezo huu baada ya kumzika mkewe, maana nyumba ilikuwa kimya mno. Kila aliposhindana alishika mkia, hata wenzake wakampa jina hilo. Akiingia karakanani, hakosi wa kumuuliza, "Mkia, leo ng'ombe umemwacha wapi?" Alicheka nao, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Safari hii alikuwa amejiapiza. Ubingwa wachukue wenyewe. Yeye asiwe wa mwisho tu, basi.

Njiani mama alimsimulia habari za mumewe. Alikuwa na wivu. Akimkuta ameketi na mwanamume mwingine, hujipenyeza katikati bila hata salamu. Radi ikipiga, anajificha nyuma ya mgongo wake. Seremala alicheka, kisha akajikamata na kuomba radhi. Moyoni alimwona huyo mume kuwa mtu wa kudekezwa.

"Mlikaa pamoja muda mrefu?"

"Miaka sita tu, kaka. Lakini sikumbuki kabla yake nilikuwa naishi vipi."

Ndoa ya uzeeni, aliwaza seremala, akamhurumia zaidi. Mama akaendelea kwamba nyumbani hawamsemeshi, wanampita kama kiti, kwa sababu ni yeye aliyemleta huku kufanya mazoezi siku ya tufani, na mawingu aliyaona.

"Mwaka jana alikuwa wa mwisho," alisema. "Akasusa kula siku nzima. Nikamwahidi mwaka huu hatakuwa wa mwisho. Hilo ndilo lililonileta. Mimi mwenyewe nikishinda, nisishinde, yote sawa."

Seremala alihesabu mitupo yake. Visahani vyake viwili vilikuwa vimeshazama kijitoni, na kila kimoja kilimwongezea mtupo wa adhabu.

Walipofika kikapu cha mwisho, watu wengine wote walikuwa wamemaliza. Mwamuzi alijumlisha, akarudia, akakohoa. Mkiani walikuwa wamebaki wawili, nao wako sawa: seremala na marehemu.

Mama alisimama muda mrefu, kisahani kikiwa mkono wa kushoto. Akatupa. Minyororo ikalia, kisahani kikang'ang'ania kidogo, kikadondoka chini. Alikwenda akakiokota na kukitia kikapuni taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa. Mtupo mmoja zaidi.

Sasa ilikuwa zamu ya seremala. Kati yake na kikapu palikuwa na upana wa milango mitatu. Akitia, marehemu ni wa mwisho. Akikosa, watalingana, na kamati isingemweka marehemu mkiani: wa mwisho ni yeye.

Mama alimsogelea. "Kaka, wewe ni mtu mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Ukikosa leo, utalala na utaamka."

Seremala alikitazama kisahani mkononi mwake. Alimkumbuka mkewe, aliyeishi naye hadi mvi zikawaota pamoja. Alipokufa, hakuna aliyemsogezea kikapu karibu. Aliubeba msiba wake mwenyewe, na karakanani, badala ya kumfariji, wakamwita Mkia.

"Dada, nisamehe," alisema. "Mimi na yeye ni wanaume. Mwanamume mwenzangu angenielewa."

Mama alimkazia macho kama asiyeelewa, kisha akampisha.

Seremala alitupa. Kisahani kilikwenda kimenyooka kama mbao iliyopigwa randa, minyororo ikakipokea kwa kishindo, nacho kikatulia ndani. Aliinua mkono juu. Mwamuzi aliinamisha kichwa na kuandika.

Bado mkono wake ulikuwa juu alipotokea mwanamke kijana, akiruka magogo, macho yamevimba. Alikuja moja kwa moja hadi mbele ya mama, akasimama.

"Umekuja, mkwe wangu," alisema mama.

Mwanamke yule alifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mama," alisema, "mwanangu amekuwa wa ngapi?"