Utepe wa Friji

Asubuhi maabara ilipofunguliwa tena baada ya matengenezo, Mwanaheri aliwahi kufika kuliko watafiti wenzake. Kabla hata hajavaa koti jeupe, alikwenda kufungua friji ya sampuli. Mafundi walikuwa wameisugua ikang'aa kama mpya. Utepe mwekundu uliogawa rafu zake katikati haukuwepo tena.

Utepe ule aliubandika yeye mwenyewe, siku aliyogombana na mtafiti mwenzake Lukanga, kisa chupa zilizomwagika. Tangu hapo upande wa kushoto ukawa wake, wa kulia wa Lukanga, nao wakawa wanasalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Watafiti waliokuja baadaye walidhani utepe ni kanuni ya maabara, nao wakajigawa pande mbili.

Mwanaheri alitoa utepe mpya mkobani. Alikuwa akiutafuta mwanzo wake kwa ukucha pale Lukanga alipoingia, amekumbatia boksi la barafu lenye sampuli zake. Lukanga aliitazama friji, kisha akautazama ule utepe.

"Nakusubiri ubandike," alisema taratibu. "Ila barafu yangu inayeyuka, dada."

Miaka ilikuwa imepita bila Lukanga kumwita dada.

Mwanzo wa utepe ulikuwa umeshamnata Mwanaheri kidoleni. Akanyoosha mkono wa pili, akachukua chupa ya kwanza kutoka kwenye boksi, akaiweka rafu ya juu, upande wa kushoto. Akageuka kuchukua nyingine, utepe ukimning'inia kidoleni.