Andazi la Nane

Ndege ya mabomu ilikuwa inarudi, kila mtu mtaani aliisikia. Mwanaidi aliinama na simu yake, akapiga picha sura ya mwisho kati ya maiti saba waliolazwa mbele ya nyumba iliyoporomoka. Redio ilishatangaza kwamba humo walikaa askari. Kazi ya Mwanaidi ilikuwa kuandika majina ya raia waliouawa, uongo usije ukashika.

"Saba, tumemaliza! Tukimbie, dada!" alisema Kombo, mkuu wa wachimbaji wa kifusi, akitupa sururu.

"Nani anawajua hawa?"

"Mimi," alijibu Mama Havijawa, muuza maandazi, sinia bado mkononi. "Kila asubuhi wanachukua manane. Kila mtu lake."

"Basi kulikuwa na mlafi humo," alisema Kombo.

"Mlafi mwenyewe! La nane silitii sukari. La bibi yao hilo, ana kisukari."

Mwanaidi alizipitia tena picha zote, moja moja. Hakukuwa na bibi.

Muungurumo ulizidi. Alizima simu, akalala kifudifudi juu ya kifusi, akabandika sikio. Kombo alitazama juu, akatukana, akaokota sururu yake.

"Bibi!" Mama Havijawa aligonga sinia kwenye zege mara tatu, kisha wote wakanyamaza kusikiliza.