Kilima cha Bwana Nyama

"Sabasaba nzima, watu wako uwanjani wanakula pilau, sisi tumetoka Kahama kuja kutazama majani?" Shangazi Mwanaidi aliuliza, mguu mmoja bado ndani ya Landrova. "Kwani mimi ng'ombe?"

Majaliwa, bwana nyama, mlinzi wa wanyamapori wa vilima vile, alicheka hadi kofia ikadondoka na mvi zake chache zikapigwa na jua. Mwahija hakucheka. Aliomba kimoyomoyo shangazi yake afunge mdomo, walau leo tu.

Mwaka mzima Majaliwa alikuwa akipita kwao na kibuyu cha asali ya Ushetu. "Yako hii, Mwahija," husema, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi anasemaje?"

Maskini, alimwogopa. Nani asingemwogopa? Mjane yule, aliyemlea Mwahija tangu alipofiwa na wazazi, alikwisha kuwatimua wachumba wawili kwa ulimi mtupu.

Walipanda. Nyasi kavu, rangi ya asali, ziliwafikia kiunoni. Upepo ukawa unazilaza na kuziinua, kilima hadi kilima.

"Watu hupanda kilima kutafuta kuni," alisema Shangazi. "Ninyi mnapanda ili mteremke!"

"Ndiyo kazi inayonipa ugali, Bi Mwanaidi," alijibu Majaliwa, kikapu cha Shangazi begani.

"Ndiyo maana umekonda."

Akacheka tena. Alimkatia fimbo ya kutembelea. Alimtandikia koti lake juu ya jiwe. Shangazi akalikalia, akamtazama twiga kule bondeni, akasonya.

"Shingo yote hiyo, na hana la kusema. Kama wewe."

Machozi yalimlenga Mwahija. Basi, kwisha. Naye atakwenda zake kama wale wawili. Mwanamume gani angevumilia haya yote kwa ajili yake?

Kundi la pofu, wale swala wakubwa, likatokeza upande wa pili wa kilima. Shangazi akainuka na fimbo yake, "nikaone kama na hao hawana la kusema," akatokomea nyasini.

Hapo Majaliwa akachutama mbele ya Mwahija, kofia mkononi. Mwahija alijifuta machozi upesi.

"Mwanangu," alisema Majaliwa, "posa hupelekwa kwa ndugu, naye hana aliye hai ila wewe. Nipe shangazi yako."