Tope Lililotulia

Mshale wa kipimo cha presha ulipita hamsini, na Narelle akausogelea kuutazama vizuri. Hesabu aliyoisumbukia miezi minane pale mgodini, nje ya Kalgoorlie, Australia, ilisema pampu ya kusukuma tope la mabaki ya madini ikiwashwa tena presha isingezidi thelathini.

"Tulia, dada," mwendesha pampu akacheka. "Tope ni tope tu, litasogea."

"Umeme ulipokatika, lilikaa muda gani bila kusogea?"

"Saa mbili hivi. Kwani vipi?"

Hapo ndipo alipoelewa. Kwenye kompyuta alilihesabu kama linalotiririka muda wote. Hakukumbuka kwamba tope zito likitulia hugandamana, na kulisukuma upya ni kama kusukuma ukuta.

Bomba lilikuwa likitetemeka kiasi kwamba vumbi jekundu lilirukaruka juu yake.

"Zima! Zima sasa hivi!"

Mwendesha pampu akazima. Mshale haukushuka; presha ilikuwa imenaswa ndani ya bomba.

Redio ya mawasiliano ikakoroma. Alikuwa fundi wa bomba. "Mhandisi, niko kwenye kiungo cha sita. Kinavuja kidogo, nakaza bolti."

Narelle alishika redio kwa mikono miwili. "Acha spana! Kimbia!"

Kishindo cha kiungo kupasuka kiliingia dirishani. Redio ikanyamaza, ikanyamaza, kisha ndani yake fundi akakohoa, akaanza kumtukana Narelle kwa jina.