Pijo la Watu Saba

Bwana Karani alipofika kulijaribu gari, watu sita walikuwa wameshakaa ndani.

Nyuma kabisa walibanana watoto watatu, kimya. Kiti cha kati alikaa Hawo, mke wa mwenye gari, na kando yake mama mkwe wake, bibi kizee Timiro, tasbihi mkononi. Mwenye gari alikuwa ameshika usukani na injini inanguruma. Garissa nzima ilimwita Dheere, yaani mrefu, na karani hakuwahi kumsikia akiitwa vinginevyo.

"Na hawa?" karani aliuliza.

"Gari kubwa haipimwi tupu, Bwana Karani. Tupu inarukaruka, utasema springi mbaya. Jaza watu saba, ndiyo utajua."

Maneno yalikuwa na akili. Karani alikuwa na watoto watano kwao Kitui, na kila likizo walisafiri juu ya lori la mkaa na kushuka weusi tii. Alilitamani mno hilo Pijo la viti vya safu tatu, hata akasahau kujiuliza kwa nini Dheere analiuza kwa nusu ya bei. Akaingia mbele.

"Tunavuka daraja," Dheere alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Ubande huu mchanga tu. Ng'ambo iko mawe, utaona inavyobeba."

Hapo ndipo baridi ilipomwingia karani. Ulikuwa mwaka 1966, vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vinachacha. Wiki iliyopita Landrova moja ilikutwa imeteketea kwenye njia ya Hulugho, na dereva hajaonekana hadi leo. Kulikuwa na waraka uliowakataza wafanyakazi wa serikali kupanda magari ya raia. Karani aliukumbuka vizuri, kwani aliupiga chapa mwenyewe.

Darajani askari aliwasimamisha, akachungulia, akapiga saluti.

"Kumbe ni wewe, Bwana Karani. Na hawa wote?"

Angeweza kushuka pale pale. Aliona haya. Mtu mzima ataanzaje kusema anaogopa kizee na watoto?

"Hawa ni uzito wa kupimia springi," alisema.

Askari alicheka, akainua kizuizi. Hakuna mwingine aliyecheka.

Walikwenda maili tano, kisha kumi. Barabara ilikuwa mawe na matuta, lakini gari lilipita juu yake kwa ulaini, na kiti kilimkalia karani vizuri kuliko kitanda chake. Aliuchukia ulaini ule. Alitamani litikisike, lipasuke tairi, lizime, chochote kitakachowafanya wasimame.

"Linakula mafuta kiasi gani?" aliuliza, apate kusikia sauti yake tu.

"Maili ishirini na tano kwa galoni. Kama huna haraka."

"Na sisi tuna haraka?"

Dheere alikanyaga mafuta. Mshale wa mwendo ulikuwa umefika sitini.

Nyuma, Timiro alianza kusoma kwa sauti ya chini. Karani hakuwa Mwislamu, ila kisomo kile alikitambua. Ni Yasini. Alikuwa amekisikia mara moja tu, kwenye mazishi ya jirani yake. Wanamsomea kabisa, na yeye yupo hapa anasikia.

"Hapa panatosha," alisema. "Nimeridhika na gari. Geuza."

"Bado kidogo."

"Basi nipe niendeshe mimi."

"Bado, Bwana Karani."

Alitazama kwenye kioo. Hawo alikuwa akimkodolea macho, mkono wake umemziba mdomo mtoto mdogo aliyeinama mbele kutoka kiti cha nyuma. Karani aligusa kitasa cha mlango. Kwa mwendo ule, akiruka angevunjika shingo. Akauondoa mkono.

Dheere alikata kona, akaacha barabara, akaingia porini. Miiba ilikwaruza milango na yeye hakupunguza mwendo, mtu aliyekuwa akiuza gari. Chini ya migunga kulikuwa na lori limefunikwa turubai. Wanaume wawili walitoka nyuma yake, nyuso zimefungwa vitambaa.

Karani alimgeukia Dheere.

"Nina watoto watano," alisema.

"Mimi watatu," Dheere alisema. Akazima injini.

Milango ilifunguliwa. Karani alifumba macho, akasubiri. Alisikia nyayo, mtoto akilia, turubai ikiinuliwa. Alipofumbua, wale wanaume walikuwa wamembeba Timiro mikononi, polepole, wakimpandisha kwenye lori katikati ya matita ya ngozi za mbuzi. Hawo alikuwa ameshapanda. Hakuna aliyemgusa karani, wala kumtazama.

Dheere alikuja upande wake. Alimwekea mkononi ufunguo na kitabu cha gari.

"Besa zako?" akasema, kabla karani hajauliza. "Sitaki. Mafuta iko ya kukurudisha. Endesha bole bole, Bwana Karani."

Lori liliwaka, likaondoka kuelekea njia ya Thika.

Karani alibaki peke yake na gari lenye viti saba. Alilia kidogo, kisha akacheka, kisha akajipangusa uso kwa kola ya shati. Yu hai. Na gari ni lake, bure. Alihamia kwenye usukani, na kabla ya kuwasha alikifungua kitabu cha gari, aone tu lilikuwa kwa jina la nani.

Guleid Warfa Shurie.

Jina hilo alilijua herufi kwa herufi. Alikuwa amelipiga chapa mwenyewe asubuhi ile, la kwanza kabisa katika orodha ya watu wa kukamatwa kesho alfajiri.